Uratibu wa utafiti wa vikundi juu ya kupima aseniki katika maji

1. Utangulizi

Katika vyuo vikuu vya Kongo, kazi za vikundi ni jambo la kawaida. Promosheni ni kubwa, vyombo vya maabara ni vichache, na mwalimu mmoja pamoja na asistenti wake hawawezi kumfuata kila mwanafunzi peke yake. Kwa hiyo wanafunzi hugawanywa, kila kikundi hupewa sehemu yake ya kazi, na mwishoni ripoti moja hutolewa. Utaratibu huo wafaa kwa masomo mengi. Lakini kazi inapokuwa ni kupima aseniki katika maji ya kunywa, kugawa kazi peke yake hakutoshi. Namba moja inayoandikwa katika ripoti imepita mikononi mwa watu watano au sita, na kosa la mmoja wao halionekani tena katika namba yenyewe. Zaidi ya hayo, namba hiyo si mali ya darasa tu. Ni habari ya kisima ambacho familia fulani hunywa maji yake kila siku.

Makala haya yanaeleza jinsi kazi ya namna hiyo inavyoweza kuratibiwa katika mazingira ya Lubumbashi na Katanga ya kusini, tangu uchaguzi wa visima hadi siku ya kuwarudishia wenyeji matokeo. Hoja yake ni moja: kazi kubwa ya mratibu ni kuangalia pale ambapo kazi ya kikundi kimoja inaungana na ya kikundi kingine, na pale ambapo kazi ya chuo inaungana na maisha ya wenye visima. Ni kwenye viungo hivyo ndipo matokeo huharibika.

2. Aseniki ni nini, na kwa nini ipimwe

Aseniki ni elementi ya kikemia ambayo hupatikana kwa asili ndani ya miamba, mara nyingi pamoja na salfa, chuma na shaba. Ikiwa ndani ya maji haina rangi, haina harufu wala ladha. Kuchemsha maji hakuiondoi. Maji yanapopungua chunguni, aseniki yote hubaki katika yale machache yaliyosalia. Mtu anayeinywa kwa miaka mingi kwa kiasi kilichozidi huweza kupata madoa ya ngozi na ugumu wa viganja na nyayo, na baadaye saratani ya ngozi, ya mapafu au ya kibofu. Mwaka 1993 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango chake cha maji ya kunywa kutoka mikrogramu 50 kwa lita hadi mikrogramu 10 kwa lita. Mikrogramu moja ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Ndiyo sababu kosa dogo la mkono huweza kubadilisha hukumu yote juu ya kisima.

Kwa Katanga, sababu za kupima zipo wazi. Shaba ilianza kuyeyushwa Lubumbashi mwaka 1911, na kwa miongo mingi moshi wa kiwanda ulipelekwa na pepo zitokazo kusini mashariki, ukaangusha metali juu ya ardhi ya upande wa kaskazini magharibi. Huko Kipushi, umbali wa kilometa 30 hivi, miamba yenye shaba na zinki ina pia tenantiti, madini yaliyoundwa na shaba, aseniki na salfa. Mwaka 2009 watafiti wa Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walitangaza matokeo ya kupima mkojo wa watu 351 wa Katanga. Wale waliokaa chini ya kilometa 3 kutoka kwenye migodi au viwanda vya kuyeyusha walikuwa na aseniki, kobalti, risasi na metali nyingine kwa wingi zaidi kuliko watu wa mbali. Matokeo hayo yanahusu miili ya watu. Hayasemi ni kisima kipi kibaya na kipi kizuri. Kazi ya kwenda kisima hadi kisima yabaki, nayo yaweza kufanywa na wanafunzi wa shahada ya kwanza, mradi waongozwe vizuri.

Mfano wa Bangladesh waonyesha gharama ya kutopima. Tangu miaka ya 1970, mamilioni ya visima vya bomba vilichimbwa huko ili watu waache maji ya madimbwi yaliyoleta kuhara na kipindupindu. Mwaka 1992 wataalamu wa jiolojia wa Uingereza walipima maji ya visima vya sehemu fulani za nchi hiyo, lakini aseniki haikuwemo katika orodha ya vitu vilivyopimwa. Mwaka 1993 aseniki ikagunduliwa katika visima vya nchi hiyo. Uchunguzi mkubwa wa miaka ya 1998 na 1999 ulihusu visima 3534: kati ya visima visivyofika kina cha mita 150, asilimia 27 vilizidi mikrogramu 50 kwa lita, na asilimia 46 vilizidi mikrogramu 10. Kesi juu ya uchunguzi ule wa 1992 ilifika mbele ya mahakama ya juu ya Uingereza, ambayo mwaka 2006 iliamua kwamba wataalamu hawakuwa na wajibu wa kisheria kwa wanywaji wa maji yale. Sheria ilisema hivyo. Lakini somo kwa mtafiti ni jingine. Kisima kinachopitiwa na mtaalamu huonekana machoni pa wenyeji kuwa kimethibitishwa. Wanafunzi wanapofika uani na chupa zao, wamekwisha kujitwika mzigo huo, wapende wasipende.

3. Kugawa vikundi bila kuchanganya mikono na mitaa

Ikiwa promosheni ina wanafunzi 24, njia rahisi ni kuunda vikundi 4 vya watu 6 na kumpa kila kikundi mtaa wake: kimoja Katuba, kingine Ruashi, cha tatu Kenya, cha nne Kipushi. Njia hiyo ina kasoro kubwa. Kila kikundi kina mkono wake: kimoja husukuma pampu kwa muda mrefu kabla ya kujaza chupa, kingine kwa muda mfupi, kimoja husoma rangi ya karatasi kivulini, kingine juani. Mwishoni, Ruashi ikionekana kuwa na aseniki nyingi kuliko Katuba, hakuna awezaye kujua kama tofauti ni ya maji au ni ya mikono. Yafaa basi kila kikundi kichukue sehemu ya visima vya kila mtaa, hata kama usafiri utaongezeka kidogo.

Njia nyingine inayopendwa ni kugawa kwa hatua: kikundi cha kwanza kichote maji, cha pili kiyapime, cha tatu kihesabu, cha nne kiandike. Hapa kasoro ni kwamba kila kikundi huona sehemu yake tu, na tatizo likitokea kila mmoja humtupia mwenzake. Aliyepima hajaona kisima. Aliyeandika hajashika chupa. Njia ya kati ndiyo bora: kila mwanafunzi apite katika hatua zote walau mara moja, lakini katika kila hatua awepo mtu mmoja anayejulikana kwa jina kuwa ndiye mwenye kuijibia siku ile.

Majira nayo yaangaliwe. Katika Katanga ya kusini mvua hunyesha hasa tangu Novemba hadi Aprili, na maji ya visima vifupi hubadilika kwa kiwango na kwa muundo. Visima vilivyochotwa Agosti visilinganishwe na vilivyochotwa Februari kana kwamba vilichotwa siku moja.

4. Kwenye kisima

Kabla ya kuchota, pampu isukumwe hadi maji yaliyolala ndani ya bomba yatoke, kwani hayo hayawakilishi maji ya ardhini. Chupa ziwe za plastiki, zilizokwisha kuoshwa kwa asidi na kusuuzwa kwa maji safi ya maabara. Namba ya chupa iandikwe juu ya chupa yenyewe, si juu ya kifuniko, maana vifuniko hubadilishana; tena iandikwe kwa wino usiofutwa na asidi.

Baada ya hapo huja jambo ambalo mara nyingi husahauliwa. Maji mengi ya ardhini yana chuma kilichoyeyuka. Yanapokutana na hewa, chuma hicho hugeuka kutu nyekundu na kuzama chini ya chupa, nayo aseniki huishika kutu hiyo na kuzama pamoja nayo. Chupa ikikaa siku mbili hivyo, kisha kikundi kingine kikamimina maji ya juu ili kuyapima, kitapata namba ndogo na kuandika kwamba kisima ni kizuri. Dawa yake ni kuchuja maji na kuyatia asidi palepale kisimani.

Lakini asidi ipi? Swali hili halina jibu mpaka ijulikane maji yatapimwa kwa njia gani, nalo ndilo mfano ulio wazi zaidi wa haja ya uratibu. Iwapo maji yatapelekwa kwenye mashine inayotenganisha atomi kwa uzito wao ndani ya gesi ya moto ya agoni, asidi ya hidrokloriki ni hatari kwa matokeo: atomi ya agoni yenye uzito wa 40 huungana na ya klorini yenye uzito wa 35, na jumla yao ni 75, uzito uleule wa aseniki. Mashine ikikosa njia ya kuondoa mwingiliano huo, itahesabu klorini kuwa ni aseniki. Hapo hutumika asidi ya nitriki. Kinyume chake, iwapo maji yatapimwa kwa kugeuza aseniki kuwa gesi kwa njia ya zinki, ni asidi ya nitriki inayoleta vurugu, na ile ya hidrokloriki ndiyo ifaayo. Kikundi cha kisimani chaweza kufanya kazi yake kwa uaminifu kamili na bado kikaharibu kazi ya wenzake, kwa sababu tu hakikuambiwa chupa zaelekea wapi. Kwa hiyo njia ya kupima ichaguliwe kabla ya chupa ya kwanza kujazwa, na kila kikundi kielezwe sababu yake.

5. Katika maabara

Njia iliyo karibu zaidi na uwezo wa maabara nyingi ni ile ya karatasi. Maji hutiwa asidi na zinki ndani ya chupa iliyofungwa. Aseniki hugeuka gesi iitwayo asini, ambayo hupanda na kugusa karatasi iliyolowekwa katika bromidi ya zebaki. Karatasi hubadilika rangi kuwa ya manjano, na kiasi kikizidi huwa ya kahawia. Rangi hiyo hulinganishwa na ile ya mfano. Maji yenye harufu ya yai bovu yana salfidi, ambayo nayo hupaka karatasi rangi. Pamba yenye asetati ya risasi huwekwa njiani ili kuizuia.

Tahadhari tatu ni za lazima. Asini ni gesi ya kuua, kwa hiyo kazi ifanyike penye hewa ya kutosha na chupa zisifunguliwe kabla ya wakati. Zinki na asidi hutoa pia hidrojeni, kwa hiyo moto usiwe karibu. Karatasi zilizotumika zina zebaki. Zikusanywe katika chombo chake, zisitupwe jalalani ambako watoto huokota vitu.

Kasoro ya njia hii iko katika jicho. Watu wawili huweza kutazama karatasi moja, mmoja akasema 10 na mwingine akasema 25. Yafaa basi kila karatasi isomwe na wanafunzi wawili, kila mmoja akiandika kwake bila kumwona mwenzake, na tofauti zao zihifadhiwe, zisifutwe. Visima vyenye namba iliyo karibu na mpaka, na sehemu ya vingine, vipelekwe kupimwa kwa mashine katika maabara nyingine.

6. Chupa zisizo za kisima chochote

Mratibu atajuaje kwamba kazi ya vikundi ni ya kuaminika? Si kwa kuwauliza viongozi wa vikundi. Ataijua kwa chupa anazoziingiza kati ya zile za visima. Ikiwa visima vilivyochaguliwa ni 60, chupa zaweza kuwa 72: 60 za visima, 6 za marudio, yaani kisima kilekile kilichochotwa mara mbili na kupewa namba mbili, 4 za maji safi ya maabara yaliyobebwa hadi kisimani na kumiminwa huko kama mengine, na 2 zenye aseniki ya kiasi ambacho mratibu peke yake anakijua.

Kila aina yasema jambo lake. Maji safi yakionyesha aseniki, basi uchafu umeingia njiani. Marudio yakitofautiana sana, namba za visima vingine haziwezi kuaminiwa kwa undani kuliko tofauti hiyo. Chupa za siri zikisomwa vibaya, kosa liko katika kupima. Wanafunzi waambiwe tangu mwanzo kwamba chupa hizo zipo, ila wasiambiwe ni zipi. Hapo hakuna hila; kila maabara yenye heshima hujipima hivyo.

Utoaji wa pointi una nguvu kuliko maonyo. Mwanafunzi akijua kwamba atapata pointi kwa namba «nzuri», ataitafuta namba nzuri. Akijua kwamba kinachosahihishwa ni daftari lake, yaani saa, jina, namba ya chupa, na makosa yaliyokatwa kwa mstari mmoja unaoacha maandishi ya zamani yasomeke, atajifunza kuandika yaliyotokea. Kikundi kilichogundua kosa lake na kulieleza kipate pointi zaidi ya kile ambacho ripoti yake haina doa lakini haiwezi kufuatiliwa.

Katika kuandika, makosa mawili hurudi kila mara. La kwanza ni kuandika sifuri pale ambapo aseniki haikuonekana. Sifuri haijapimwa, kilichojulikana ni kwamba kiasi kiko chini ya kile ambacho chombo kinaweza kuona, na hivyo ndivyo iandikwe. La pili ni kuchanganya vipimo: miligramu 0,01 kwa lita ni sawa na mikrogramu 10 kwa lita. Kikundi kimoja kikitumia miligramu na kingine mikrogramu, kosa la mara elfu moja huingia katika jedwali bila kupiga hodi.

7. Kurudisha neno uani

Ripoti huandikwa kwa Kifaransa na hubaki chuoni. Mwenye kisima anaongea Kiswahili, naye ndiye aliyefungua mlango. Hapa kazi ya wanakemia yaingia katika uwanja wa wanalugha, na ni vizuri idara hizo mbili zishirikiane tangu mwanzo.

Ugumu wa kwanza ni neno «sumu». Kamusi yaruhusu kusema kwamba aseniki ni sumu. Lakini katika mazungumzo ya Kongo, sumu husikiwa mara nyingi kuwa ni kitu ambacho mtu amemtilia mwenzake kwa makusudi. Mwanafunzi anayesema «kuna sumu katika kisima chenu» anaweza kuwa amezua shauku ya kumtafuta mtu: jirani, mke mwenza, mpangaji aliyefukuzwa. Ni afadhali kusema kwamba maji yana aseniki kupita kiwango, kwamba aseniki ni kitu kitokacho katika mawe au katika uchafu wa kuyeyusha madini, na kwamba hakuna mtu aliyekitia humo. Maneno haya yajaribiwe kwanza na watu wachache wa mtaa, kwa Kiswahili chao ambamo maji ni «mayi» na kisima kirefu cha bomba ni «foraji», ili ionekane wameelewa nini.

Ugumu wa pili ni neno «nzuri». Maji yasiyo na aseniki huweza kuwa na vijidudu vya kipindupindu. Kikundi kilichopima aseniki peke yake kina haki ya kusema juu ya aseniki peke yake. Vilevile asiyepata aseniki kisimani mwake aendelee kuchemsha maji kwa sababu zile za kawaida, na aliye nayo aelezwe wazi kwamba kuchemsha hakutamsaidia juu ya jambo hili.

Ugumu wa tatu ni mpango wenyewe wa kurudi. Kabla ya kuchota, mwenye nyumba aombwe ruhusa na aambiwe ni lini atapata jibu. Namba iliyozidi ipimwe upya bila kukawia, kisha apewe mwenye kisima kwanza, ndipo mkuu wa mtaa, na mwisho darasa. Jina lake lisionekane katika ripoti. Wala asiambiwe aache kisima bila kuonyeshwa maji mengine: mara nyingi visima viwili vilivyo jirani hutofautiana sana, na kisima kilichopimwa kikaonekana kuwa chini ya kiwango huweza kuwa hatua mia tu kutoka kile kilichozidi. Kwa hiyo kupima visima vingi vya mtaa mmoja huzaa faida mara mbili: huonyesha pa kuacha, na huonyesha pa kwenda.

8. Hitimisho

Utafiti wa vikundi juu ya aseniki hauhitaji wanafunzi wenye vipaji vya pekee wala vyombo vya bei kubwa pale mwanzoni. Wahitaji njia ya kupima iliyochaguliwa kabla ya kuchota, vikundi vilivyotawanywa katika mitaa yote, chupa za kuwapima wapimaji, madaftari yanayosomeka, na lugha inayofika kwa mwenye kisima bila kumpotosha. Mambo hayo yote ni ya uratibu. Yakikosekana, vikundi vinne vyenye bidii hutoa jedwali moja ambalo hakuna awezaye kulitetea. Yakiwepo, wanafunzi 24 huweza kuuachia mji visima 60 vinavyojulikana hali yake, na kila mmoja wao huondoka akijua namba yake ilitoka wapi, ilipita kwa nani, na inamhusu nani.